Mwenyewe Amekubali

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekalia pikipiki la mtu. Nimerudi nyumbani sijielewi.

Nianze mwanzo. Daktari alinituma kwa mzee mmoja ambaye meno yake ya juu — niliyoyatengeneza mimi, kwa mikono hii — yanamchubua ufizi. Kliniki hawezi kuja, magoti hayamtaki. Nikabeba kimashine changu cha kusagia na karatasi za kung'atia, nikapanda kile kipikipiki cha kupelekea meno, nikaenda. Nyumba ya mwisho kabla ya kiwanda cha matofali. Binti yake akanifungulia. Mtu mzima, muuguzi, macho mekundu ya zamu. Akasema baba yuko gereji, siku hizi hatoki huko, nimfuate.

Nikamkuta amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mashavu yamebonyea. Meno yako wapi? Kwenye bilauri. Bilauri iko wapi? Juu ya kiti cha pikipiki. Na pikipiki lenyewe! Mimi naendesha mwaka wa ngapi huu, pikipiki nazijua. Lakini lile ni kochi lililotiwa magurudumu. Kioo kikubwa cha kukinga upepo. Masanduku mawili ya mizigo pembeni, yanafungwa kwa ufunguo. Nyuma kuna kiti cha abiria chenye kiegemeo na mahali pa kulaza mikono, utadhani kiti cha kinyozi. Pikipiki zote ni "hii". Lile ni "hili". Ulimi ulikataa kabisa kusema "hii".

Nikasaga, akang'ata. Nikasaga tena, akang'ata tena. Yakakaa. Akacheka, na maneno yakaanza kutoka na herufi zake zote. Akasema anamuuza. Nikauliza, anamuuza nani? "Huyu," akapiga tangi la mafuta kofi dogo la mapenzi. Huyu! Eti amelala gerejini tangu magoti yaanze kusumbua, hajazeeka, anataka tu mtu wa kumtoa nje. Halafu akaniambia: Kaa, Mama Meno, kaa uone.

Nikakaa. Basi, nimekaa tu. Injini imezimwa, mbele yangu ukuta na makopo ya rangi. Nikataka kulia. Kwa nini? Mbele ya makopo ya rangi!

Niliporudi kazini nikapanga meno ya mteja mwingine, ya kushoto nikayaweka kulia. Haijawahi kunitokea. Imebidi niyeyushe nta yote nianze upya.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Mkaguzi.

Humu namwita Mkaguzi ingawa amestaafu. Mume wangu alikuwa mkaguzi wa mizani. Wauza nyama wakimwona kwa mbali walianza kupangusa mawe ya kupimia kwa aproni. Mtu wa kutembea kutwa, duka kwa duka, koti limefungwa vifungo vyote. Tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga amehamia kwenye kiti cha dirishani. Upasuaji ulikwenda vizuri, daktari kasema atembee. Hatembei. Anaitazama barabara kama vile inapunja watu.

Nikamwambia: Nimeona pikipiki kubwa linauzwa. Akasema: Mmh.

Sasa hiyo Mmh. Maisha yangu yote ya ndoa nimeishi nayo. Ikipanda mwishoni ni swali. Ikishuka, hapana. Ikiwa fupi, amesikia na hataki zaidi. Hii ya leo haikupanda wala kushuka, ilikwenda moja kwa moja kama imepigwa rula. Nikasubiri nyongeza. Akauliza kama kuna chai.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita mbele ya nyumba ya mzee. Haiko njiani kwangu hata kidogo. Sikuwa na meno ya kupeleka. Mlango wa gereji umefungwa. Nikageuza nikarudi. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye akili zake timamu?

Jumamosi, 8 Machi

Dada amekuja. Simwambii mtu mambo yangu ila yeye, na kila nikimwambia najuta. Alicheka mpaka akashika ubavu. Umri huu, anasema, na mjukuu unaye! Mjukuu akuite bibi au akuite dereva? Nikacheka naye. Halafu akaacha ghafla. Ndiyo tabia yake, anakuchekesha ulegee kisha anachoma. Akashusha sauti maana Mkaguzi yuko pale dirishani.

"Mumeo kuvuka kizingiti cha bafu mpaka ashike ukuta. Na wewe unataka kununua kitu cha kupanda kwa kurusha mguu. Unamwambia nini, mdogo wangu?"

Ameondoka, nimeosha vyombo vyote pamoja na vilivyokuwa visafi, bado natafuta la kumjibu. Nilidhani namwambia twende. Kile kiti cha nyuma nilipokiona nilimwona yeye juu yake, kweli kabisa, na koti lake la kazi. Lakini kama nilimwona yeye, mbona pale mbele ya makopo ya rangi nilijihisi niko peke yangu, na nikafurahi? Nataka kwenda naye au nataka kumkimbia? Mtu anawezaje kutojua? Nina miaka hamsini na mitatu, nimezaa, nimezika wazazi, na jambo dogo kama hilo sijui! Ninachojua ni kimoja. Nyumba hii ikikaa hivi mwaka mwingine, yeye kitini na mimi jikoni, tutakuwa wapangaji wawili.

Jumanne, 11 Machi

NIMELINUNUA. Au nadhani nimelinunua.

Fundi wa pikipiki alikuja kulikagua. Jamaa mnene, mpole, anaongea na vyuma. Analiita "kruza". Nilidhani ni jina la ugonjwa, kumbe ndivyo yanavyoitwa mapikipiki ya safari ndefu. Akatega sikio kwenye injini, akanusa mafuta, akasema moyo ni mzima. Ila betri imekufa na tairi la nyuma limekauka, tumpe muda mpaka Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe ishirini na mbili. Kwa betri ya kuazima likawaka. Mlio wake si kelele. Ni mtu mzito anayesafisha koo kabla ya kuhutubia.

Nikaliendesha mpaka kiwanda cha matofali na kurudi. Barabarani ni jepesi! Linaelea! Nilicheka peke yangu ndani ya helmeti. Shida ni kusimama. Nilipofika getini likainama kushoto, kidogo tu, na mimi na mguu wangu tukajaribu kulibishia. Halibishiwi. Likalala chini taratibu, kwa heshima zote, na mimi nikakaa kando yake kwenye kokoto. Hakuna kilichovunjika. Fundi hakucheka. Akanielekeza: nyoosha usukani kabla hujasimama, na likilala usiliinue kwa mikono, ligeuzie mgongo, sukuma kwa miguu. Nikaligeuzia mgongo, nikasukuma, likainuka! Mzee alipiga makofi mpaka binti yake akatoka ndani kuuliza kuna nini.

Tukaelewana bei, nikalipa palepale. Halafu mzee akaniuliza, kwa adabu sana, amezuia meno kwa kidole gumba yasidondoke:

"Na mwenyewe amekubali?"

"Mwenyewe alikubali tangu siku ya kwanza, mzee!"

"Basi vizuri. Nitafurahi kumwona mwenyewe."

Nikacheka. Wazee na mafumbo yao. Nimerudi nyumbani naimba, na kokoto kwenye mfuko wa nyuma wa suruali.

Mkaguzi bado sijamwambia kwamba nimelipa. Kesho.

Alhamisi, 13 Machi

Jana sikumwambia. Leo limetokea jambo. Nilikuwa napiga pasi. Yeye huko dirishani, bila kugeuka, akauliza: "Lina uzito gani?"

Lina nini? Nini lina uzito?

"Hilo pikipiki."

Kumbe alisikia! Na amesema "hilo"! Nikamwambia kilo mia tatu na hamsini, fundi ndivyo alivyosema — hapo hapo nikaona nimejitaja, mtu haulizi fundi kwa kitu alichokiona tu. Yeye hakushika hapo. Alishika kwingine. Akauliza: tupu, au na mafuta?

Sikujua. Akanitazama alivyokuwa akiwatazama wauza nyama.

"Huwezi kununua kitu hujui kimepimwaje," akasema, akarudi kwenye barabara yake.

Huwezi kununua — maana yake nisinunue? Au nikinunua nipime kwanza? Nilifungua mdomo nimwambie nimeshalipa. Nikaogopa, nikaufunga. Wakati huo pasi ilikuwa imekaa juu ya kola ya shati lake jeupe. Imeungua.

Jumatatu, 17 Machi

Nimesahau simu nyumbani. Siku nzima kazini najipapasa mfukoni. Niliporudi Mkaguzi akaniambia simu yangu ilipigwa akaipokea. Nani? Mzee mmoja. Alisema nini?

"Aliniuliza kama mimi ndiye mwenyewe."

"Ukamjibuje?"

"Mmh."

"Ulimjibu hiyo Mmh, au hiyo Mmh unanijibu mimi?"

"Mmh."

Nilitoka nje nikaizunguka nyumba. Mwenyewe wa nini? Mwenyewe wa simu? Nimempigia mzee, haipokelewi. Nimepiga tena, haipokelewi.

Na hili nalo sielewi. Kigoda changu cha jikoni nimekikuta sebuleni. Nikakirudisha. Baada ya chai nimekikuta tena sebuleni, na Mkaguzi ana jasho kwenye paji la uso, na dirisha liko wazi. Nimemuuliza kama ana homa. Amesema hana.

Jumanne, 18 Machi

Mzee amepokea simu — bila meno! Nimemwambia ayavae hata akiwa peke yake, ufizi uzoee. Nusu ya maneno ni upepo. Niliyookota ni haya: fundi amefunga tairi, kila kitu tayari, na yeye ameshaelewana na mwenyewe.

Mwenyewe yupi tena? Nilidhani mwenyewe ni yeye! Nikamuuliza: mzee, kwani pikipiki si lako? Akasema la kwake, la nani tena, nimwambie tu mwenyewe asichelewe. Akakata.

Nimechanganyikiwa kabisa. Kuna mwenyewe mwingine? Ndugu yake? Mtu anayemtunzia tu? Nimelipia mali ya watu? Nimempigia Dada. Amesema "Nilikuambia." Hakuniambia! Alichoniambia ni habari ya kizingiti cha bafu. Lakini ukimwuliza Dada, kila baya alikuambia.

Alhamisi, 20 Machi

Kuuliza si ujinga. Nimetoka kazini moja kwa moja mpaka kwa mzee. Binti anaanika mashuka, mzee yuko gereji, na meno yamo mdomoni, nashukuru. Sikuzunguka. Mzee, mwenyewe ni nani?

Akashangaa. "Si mumeo, Mama Meno?"

Akanieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Aliniuliza mwenyewe amekubali, nikasema alikubali tangu siku ya kwanza. Basi akaona ampigie mwenyewe wasalimiane. Chombo kikubwa namna ile hakikabidhiwi kwa mke huku mume hajasikia hata sauti ya muuzaji. Yeye alifikiri anafanya adabu.

Mimi niliposema mwenyewe nilikuwa nasema mimi! Mimi ninayelinunua, mimi niliyelala nalo kwenye kokoto! Neno moja, tumelisema wote wawili, tumefurahi wote wawili, kila mtu na mwenyewe wake. Na lawama si za kwake peke yake. Mgeni akibisha hodi kwangu akauliza "Mwenyewe yupo?" mimi namwita nani? Namwita Mkaguzi. Siku zote. Sijawahi hata mara moja kusema "Ndiye mimi, karibu."

Nikapandisha sauti. Kwa mtu mzima, Mungu anisamehe. "Mwenyewe ni mimi, mzee! Hela zangu, leseni yangu, makalio yangu!" Binti aliangusha shuka kwa kicheko. Mzee hakucheka. Aliona haya kweli, akawa anasugua tangi kwa mkono wa shati. Akasema pole mwanangu, uzee huu. Lakini sasa, akasema, kuna jambo, kwa sababu mwenyewe — yaani yule mwingine — anakuja Jumamosi.

"Alisema anakuja?"

"Nilimuuliza, utakuja kumchukua Jumamosi? Akasema mmh."

"Mmh ipi? Iliyopanda au iliyoshuka?"

Akajaribu kuniigizia. Akarudia. Binti naye akajaribu jinsi alivyosikia kwenye spika. Tulisimama pale watu wazima watatu tunaguna kama ng'ombe na hatukuafikiana.

Nimerudi polepole, upande wa kushoto kabisa wa barabara, naogopa. Akienda, anakwenda kufanya nini? Kazi ya Mkaguzi ilikuwa kuingia dukani, kusema maneno machache, na mzani unatiwa lakiri, hautumiki tena. Anaweza kumwambia mzee: mke wangu amepitiwa, mrudishie hela zake. Na mzee atarudisha, kwa sababu mwenyewe amesema. Sina hata haja ya kuwepo.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemkuta anapaka viatu rangi. Viatu vya kazi! Vile vya ngozi, havijavaliwa tangu hospitali. Nikamuuliza: kesho una safari?

"Ya wapi tena, na mguu huu?"

Mara ya kwanza ananipa jibu la maneno, na lenyewe ni swali. Nikataka kumwambia kila kitu. Nimelipa. Ni langu. Nakuomba usiende. Nakuomba uende. Yote yalikuwa mdomoni kwa pamoja. Badala yake nikamwambia kiatu cha kushoto hakijang'aa. Akakirudia.

Tumekula kimya. Nina hasira naye na ninamhurumia, kijiko hiki hasira, kijiko hiki huruma. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Hawasemi mshindo wa kitu gani.

Jumamosi, 22 Machi

Asubuhi. Ameondoka! Nilikuwa nyuma naanua nguo. Nimeingia, kiti cha dirishani kitupu. Fimbo haipo. Viatu havipo. Koti la kazi halipo. Jirani anasema kapanda teksi, kakaa mbele, na yeye jirani ndiye aliyemsaidia kufunga mlango. Nimempigia simu. Imelia sebuleni, chini ya mto wa kiti chake.

Nimekaa kwenye kiti chake. Kumbe kutoka hapa unaona barabara mpaka kona ya pili. Ningekuwa nakuja, angeniona mapema sana. Kila siku ananiona nikija na kile kipikipiki changu, na mimi nilidhani hatazami kitu.

Baadaye. Nimempigia mzee. Binti amepokea. "Mwenyewe ameshakuja, mama."

Mwenyewe niko hapa! nikamwambia. Akasema samahani, samahani, alitaka kusema baba watoto wangu. Ameshakuja na wameondoka. Nani na nani? Na fundi. Wameondoka na nini, na teksi? Na pikipiki liko wapi? Akasema subiri, baba ananiita, na laini ikakatika. Kila nikipiga inatumika. Labda na yeye ananipigia. Nimeacha kupiga ili apige. Hapigi.

Wamelipeleka wapi? Kwenye mzani? Anaweza! Anaweza kabisa kulipeleka kwenye mzani wa malori, alithibitishe ni kilo ngapi tupu na ngapi na mafuta. Au analirudisha kwa fundi ulitafutiwe mnunuzi mwingine — litafutiwe, naandika vibaya. Hela nilizolipa sizitaki. Hilo nimelijua sasa hivi, hapa kitini kwake. Akiniletea hela mkononi nitazitupa. Nataka arudi akiwa anataka kwenda mahali, popote, hata kiwanda cha matofali. Na asipotaka, nitakwenda peke yangu na nitalia njia nzima.

Mchana. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji.

Nililisikia kabla sijaliona. Lile koo linalosafishwa. Kona ya pili, kona ya kwanza. Nikatoka mbio, kanga inanidondoka. Fundi mbele. Na nyuma, juu ya kile kiti cha kinyozi — Mkaguzi! Koti limefungwa vifungo vyote. Helmeti ya mzee kichwani. Mikono imelala pale pa kulaza mikono. Fimbo imefungwa ubavuni kwa mpira. Mtaa mzima uko nje. Mke wa jirani ameziba mdomo kwa viganja viwili. Mwanamume kupakiwa nyuma, na mkwe wa mtu! Yeye anatazama mbele kana kwamba amekuja kukagua nyumba zetu moja moja.

Fundi akalisimamisha, akatia stendi, akashuka. Injini hakuizima. Nikamuuliza nani alimpandisha, mlimbeba? Akasema hapana, mama, alipanda mwenyewe. Aliomba kitu cha kukanyagia tu, akapewa ndoo — kumbe ndiyo kazi ya kigoda changu kule sebuleni! Ilichukua muda, lakini alikataa kushikwa. Halafu fundi akamgeukia Mkaguzi: mzee, nikushushe? Mkaguzi hata ile Mmh hakuitoa. Fundi akasubiri, akanitazama mimi, akajifuta mikono, akaaga, akaondoka kwa miguu.

Nikasogea. Nikamwambia kwa sauti ya chini, majirani wasisikie: Umekwama? Nyonga? Nikuletee kigoda? Akageuza kichwa, akanitazama kupitia kioo cha helmeti. Macho yake yamejaa maji. Upepo? Maumivu?

"Mafuta yanaungua bure," akasema.

Sasa hiyo ni nini? Nizime? Au nipande? Akiwa amekwama hawezi kusema amekwama mbele ya watu, namjua. Akiwa anataka kwenda hawezi kusema twende, namjua vilevile. Sijui ameshindwa kushuka au amekataa kushuka. Na mbele yake kile kiti changu, kitupu.

Nikamwambia ngoja kidogo. Nikaingia ndani natafuta helmeti. Sina cha kutafuta, iko palepale kwenye msumari. Nimeshaivaa, ndiyo maana mistari hii imepinda.

Ninaogopa! Getini kwa mzee lilinilaza chini nikiwa peke yangu. Sasa lina mafuta, na lina mtu mwenye nyonga ya chuma. Likiinama kushoto je? Aliuliza tupu au na mafuta. Hakuuliza na yeye juu yake. Na kama nimekosea — kama anachotaka ni kushushwa tu, na mimi nampeleka barabarani mbele ya watu, hawezi hata kukataa? Nirudi nimuulize tena? Nimeuliza mara mbili. Mwanamke mwenye akili angezima injini na kuita majirani wawili wenye nguvu. Tena ninatabasamu, naona kwenye mlango wa friji. Kwa nini natabasamu?

Honi! Amepiga honi. Ndefu, mtaa mzima umesikia. Lakini honi iko mbele kabisa, kwenye usukani. Ameinamaje mpaka kule kutoka kiti cha nyuma, na nyonga ile? Mtu aliyekwama hafiki kule. Natoka —